Kutoka Ekyaghanda Hadi Ukumbi wa Parokia

Mgeni akifika Kasese, magharibi mwa Uganda, na kuulizia muziki wa Wakonzo, huonyeshwa endara. Na anastahili kuonyeshwa. Vipande vizito vya mti vilivyochongwa hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, wapigaji hukaa pande mbili wakitazamana, na mlio wake huvuka bonde hadi kilima cha pili. Endara hupigwa Omusinga, mfalme wetu, anapojitokeza mbele ya watu, hupigwa kwenye mashindano ya shule, hupigwa kwenye harusi za wenye uwezo. Nimeifundisha kwa miaka mingi katika shule za Bwera na sina neno baya juu yake.

Upo muziki mwingine, ambao wageni hawaonyeshwi kwa kuwa hauna nafasi ya kuwakalisha wengi. Ni wa mtu mmoja na ala moja, ndani ya nyumba, mbele ya watu wachache waliobanana magoti yakigusana. Mwimbaji ametunga mwenyewe anachokiimba. Hana kundi, hana meneja, hana kampuni ya kumsimamia. Akikosea jina la mtu au la kijito, anasahihishwa papo hapo. Huko Ulaya na Marekani, msanii mkongwe akiviacha viwanja akaenda kuimba peke yake na gitaa lake katika jumba dogo la maonyesho, magazeti huandika habari hiyo kwa mshangao. Kwetu chini ya Rwenzori, hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kusikiliza wimbo, na katika miaka mia moja iliyopita njia hiyo imezibwa na kuzibuliwa mara nyingi. Nimefikia umri wa kuona kwamba nisipoyaandika haya nitaondoka nayo.

Ukumbi wa kwanza ulikuwa ekyaghanda. Kila ukoo uliojiheshimu ulikuwa nayo: kibanda uwanjani, moto katikati, vigoda na magogo ya kukalia kuuzunguka. Wanaume walikula hapo, kesi ziliamuliwa hapo, wavulana walifundwa hapo, na mpita njia mwenye njaa alilishwa hapo kabla ya kuulizwa anatoka wapi. Usiku, maneno mazito yakiisha, mwenye zeze aliitungua ukutani.

Zeze yetu, enzenze kwa Kikonzo, watu wa pwani wataitambua mara moja. Ni upau wa mti mgumu wenye vinundu vilivyochongwa upande mmoja, vya kukandamizia uzi kwa vidole, na chini yake kimefungwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Nyuzi zake ni chache mno. Babu, baba wa baba yangu, alitumia waya wa breki ya baiskeli baada ya zile za kamba za porini kuisha. Lakini utamu wa zeze uko kwenye kibuyu. Mpigaji hufungua shati, akaegemeza mdomo wa kibuyu kwenye ngozi ya kifua. Akikibana, sauti inazama; akikiachia nafasi ya unene wa kidole, sauti inafunguka. Kwa hiyo anapumua na ala yake, na nyimbo zenyewe zimekatwa kwa vipimo vya pumzi. Aliyekaa karibu anasikia kila kitu, hata kucha inapogusa upau. Aliyesimama nje ya ua anasikia mkwaruzo tu. Hakuna namna ya kuipiga uwanjani bila mashine. Ni ala ya chumbani tangu kuundwa kwake.

Filimbi yetu, enyamulere, ilikuwa ya njiani na ya malishoni. Ilimsindikiza mtu anayerudi peke yake jioni, na watu waliokuwa ndani walijua ni nani anapita kwa jinsi alivyoipuliza. Huyo naye alikuwa mwimbaji wa peke yake, ingawa hadhira yake hakuiona.

Mimi ni mwanamke, kwa hiyo sikukaa ekyaghanda. Nilisikia zeze ya babu kupitia ukuta wa jiko. Ndiyo maana nasisitiza jambo ambalo wanaume wakisimulia historia hii huliruka: jiko nalo lilikuwa ukumbi. Bibi alitunga. Alitunga akimenya muhogo, akitunga juu ya mke mwenzake aliyemficha chumvi ya Katwe, akirudia kibwagizo mpaka sisi wajukuu tukakishika. Kesho yake, kutoka jiko la pili, mke mwenza alijibu kwa tuni ileile na maneno yake mwenyewe. Siku ya tatu bibi alijibu jibu. Hakuna aliyemtaja mwenzake kwa jina na hakuna aliyeonyesha kwamba anaimba kwa ajili ya masikio ya mtu. Ugomvi ulikwisha hivyo, mara nyingi kabla ya kumfikia babu na wazee wenzake. Nimesikia watunzi wengi tangu hapo, wa redio na wa majukwaa, na sijamsikia aliyeweza kusema mengi kwa maneno machache kama wale wake wenza wawili.

Nyimbo hizi hazikujua mpaka. Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipopatana juu ya mipaka yao mwaka 1910, mlima ulikatwa, na mto Lhubiriha hapa Mpondwe ukawa mahali pa askari na vibali. Watu wa huku wakaandikwa Wakonzo, wa kule wakaandikwa Wanande, ingawa lugha ni moja na koo ni zilezile hadi Beni na Butembo. Siku za gulio, akina mama walivuka na mafuta ya mawese, maharage na vitambaa, na wakirudi walikuja na nyimbo. Kiswahili ninachokiandika hapa nilianza kukiokota katika soko hilo, kwa wafanyabiashara wa Kasindi, kabla ya mwalimu yeyote kunifundisha. Kwa mwimbaji wa Bwera, Kiswahili kilikuwa lugha ya kumwimbia asiye wa ukoo wako.

Na wasio wa ukoo wetu walifika kwa wingi kwa ajili ya shaba. Reli kutoka Kampala iliwasili Kasese mwaka 1956, mwaka uleule mgodi wa Kilembe ulipoanza uzalishaji, na shaba ikawa inasafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Mji wa Kasese tunaoujua ulizaliwa na reli hiyo. Bonde la mto Nyamwamba likajaa kambi za wafanyakazi, safu kwa safu, na ndani yake watu wa Kigezi, wa Rwanda, wa Kongo, wa Kenya, na Wakonzo walioteremka kutoka mashambani kwao juu. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia mawe, na masikio yake hayakupona kelele ile, kwa hiyo alipenda muziki unaopigwa karibu.

Huko Kilembe ndiko gitaa kavu lilikochukua nafasi ya zeze. Lilikuja na Wakongo na lilikuja na santuri. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana anapiga gitaa barabarani Jadotville, mji wa madini wa Katanga ambao leo ni Likasi. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake uitwao Masanga ulienea kwa santuri za Gallotone katika nchi nyingi za Afrika. Alitumia kidole gumba na cha shahada tu, gumba likishika besi, shahada ikichezea juu, na ukifumba macho ungeapa wako watu wawili. Aliimba kwa Kiswahili cha migodini. Mwaka 1969 alialikwa hadi tamasha la Newport, Marekani. Mpigaji mwingine wa kizazi chake alikuwa Edouard Masengo, naye wa Katanga, na wote wawili waliwahi kufanya kazi Nairobi.

Kwa vijana wa Kilembe, watu hawa hawakuwa wageni. Shaba ya Katanga na shaba ya Kilembe zilizaa chumba cha aina moja: chumba kimoja cha mfanyakazi, kitanda, jiko la mkaa, dirisha dogo, na jioni ya siku ya mshahara watu wanane juu ya kitanda na wengine sakafuni. Rafiki wa baba, Mkongo, alikuwa na gitaa lililopasuka mgongo na kuzibwa kwa lami. Aliimba kwa Kiswahili kwa sababu ndani ya chumba kile hapakuwa na lugha nyingine ya wote. Aliimba juu ya barua iliyochelewa, juu ya makato kwenye mshahara, juu ya mwanamke wa Kasindi aliyesema subiri. Kila mtu aliruhusiwa kuongeza beti. Baba, ambaye nyumbani Bwera hakuwahi kutunga chochote, huko aliongeza beti. Ekyaghanda ilikuwa imehamia kambini bila jina lake, na ilikuwa imefungua mlango kidogo zaidi: wake za wafanyakazi walikaa ndani, na watoto tulilala mapajani mwao tukisikiliza.

Juu mlimani, wakati huohuo, chumba kidogo kilikuwa na kazi nyingine.

Wakonzo na Wamba walikuwa wamewekwa chini ya ufalme wa Toro tangu mwanzo wa ukoloni, na manung'uniko yalikuwa ya siku nyingi. Mwaka 1919 yalizuka machafuko yaliyoongozwa na Tibamwenda, Nyamutswa na mwenzao; mwaka 1921 wote watatu waliuawa na serikali na kuzikwa Kagando, kando ya njia ya kwenda Bwera. Mwaka 1962, Uganda ilipokuwa inajiandaa kwa uhuru, wawakilishi wetu walitoka katika baraza la Toro, Rukurato, na Isaya Mukirane, mwalimu wa shule ya msingi, akapanda milimani. Tarehe 30 Juni mwaka huo akatangaza kwamba Rwenzururu, nchi yetu ya milimani, imejitenga. Mwaka 1963 serikali ikatangaza hali ya hatari katika Bwamba na Busongora. Nyumba zilichomwa. Mukirane alifariki mwaka 1966, mwanawe Charles Wesley Mumbere akiwa bado mvulana, na mapambano yakaendelea hadi Mumbere aliposhuka mwaka 1982.

Miaka ile ishirini ndiyo iliyotuachia hazina kubwa ya nyimbo kuliko wakati mwingine wowote. Zilitungwa kwa Kikonzo, zikamtaja Mukirane, zikawakumbuka wale watatu wa Kagando, zikahesabu dharau za Toro moja baada ya nyingine. Mama alizijua. Aliniambia zilivyoimbwa: mlango umefungwa, ngoma hakuna, mikono inapigwa pajani badala ya kupigwa makofi, na mtu mmoja akiongoza kwa sauti ya kusemeshana. Mtu akisikika anapita nje, wimbo uligeuzwa papo hapo kuwa wa kanisani, kwa kuwa tuni ilikuwa imekopwa huko tangu mwanzo na wote walijua maneno ya pande zote mbili. Endara isingeweza kufanya hivyo. Serikali inaweza kuiona ngoma, kuitwaa na kuichoma. Watu kumi wanaonong'ona wimbo chini ya taa ya koroboi ni vigumu kuwakamata.

Aliyezisikiliza kwa makini ni Peter Cooke, Mwingereza aliyefundisha muziki Uganda katika miaka ya 1960. Yeye na Martin Doornbos, msomi wa siasa kutoka Uholanzi, walichapisha makala juu ya nyimbo za upinzani za Rwenzururu katika jarida Africa mwaka 1982, mwaka uleule Mumbere alioshuka. Nilipoisoma makala hiyo nikiwa tayari mwalimu, nilikaa chini nikalia. Ndani yake kulikuwa na maneno ambayo mama alikuwa amekataa kuniimbia kwa sauti mpaka nilipoolewa. Upande wa Kongo, katika miaka ya 1980, Serena Facci wa Italia alifanya kazi kama hiyo kwa Wanande. Kizazi changu kina deni kwa watu hawa, na nitarudi kwenye deni hilo.

Mgodi ulipokoma kuzalisha shaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kambi za Kilembe zilianza kumwaga watu. Vyumba vilibaki, wapigaji wakaondoka. Redio ikajaza pengo. Kutoka Kampala zilitufikia nyimbo za kadongo kamu za Waganda, mtu na gitaa lake akisimulia kisa kirefu cha ndoa au cha kifo: Christopher Ssebadduka, Dan Mugula, baadaye Herman Basudde na Paulo Kafeero. Wengi hapa hawakuelewa Kiganda chote, ila walijua wanachokisikiliza. Baba alitega sikio zima kwenye spika. Bernard Kabanda, mmoja wa watu hao wa gitaa moja, aliliimbia na kuligonga gitaa lake kama ngoma, na mwaka 1999, mwaka aliofariki, Waingereza wa Real World walitoa albamu yake.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa, mwaka 1990, albamu ya Geoffrey Oryema iitwayo Exile. Oryema alitoka katika tamthilia. Alikuwa mwigizaji Kampala kabla ya kuwa mwimbaji wa kimataifa. Baba yake, aliyekuwa waziri, aliuawa na utawala wa Amin Februari 1977, na kijana akatoroshwa hadi Kenya ndani ya buti ya gari. Huko Ufaransa alipanda jukwaani na nanga, lukeme na gitaa, akiimba kwa Kiacholi na Kiswahili mbele ya watu walionyamaza kabisa. Desemba 2016 alirudi Uganda kuimba, baada ya karibu miaka 40. Nakumbuka habari hiyo vizuri kwa sababu nilitamani kwenda na sikuweza kuondoka nyumbani. Tarehe 26 na 27 Novemba majeshi ya usalama yalikuwa yamevamia ikulu ya Omusinga mjini Kasese, na zaidi ya watu 100 walikuwa wameuawa. Desemba ile wilaya yetu ilikuwa inatafuta maiti zake. Oryema alifariki Ufaransa Juni 2018 bila mimi kumsikia akiwa hai.

Nimeitaja 2016 na itabidi nitaje na mengine, kwani bila hayo mtu hawezi kuelewa kwa nini watu wa Bwera wanasitasita kukusanyika jioni. Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka na kuushambulia Mpondwe, na kwa miaka kadhaa watu wa milimani waliishi kambini. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo na kutufikia hapa, na kupeana mikono kukakoma. Mwaka uliofuata korona ilifunga shule, makanisa na mpaka. Juni 2023 waasi waliingia usiku katika shule ya sekondari ya Lhubiriha wakaua wanafunzi. Sitasema zaidi juu ya usiku huo. Baada ya kila jambo kama hilo, kinachofunguliwa kwanza ni soko, halafu kanisa, halafu kibanda cha video chenye mechi za Uingereza. Wimbo wa chumbani hufunguliwa mwisho, kwani unataka watu wakae karibu, usiku, bila kuharakisha, wakimwamini kila aliyeingia mlangoni.

Ndiyo maana jioni moja ya hivi karibuni katika ukumbi wa parokia hapa Bwera ilikuwa na uzito mkubwa kwangu.

Mwimbaji alikuwa mzee wa milima ya Ihandiro, aliyezaliwa kabla ya uhuru. Sitamtaja jina, yeye mwenyewe aliniomba hivyo. Hajawahi kuingia studio ya mtu. Katika miaka ya 1980 alijirekodi nyumbani kwa redio kaseti, akadurufu nakala moja moja kwa mashine ya mikanda miwili, akaziuza mwenyewe soko la Lhubiriha na kuzivusha Kasindi chini ya maharage. Baadaye watu walizihamisha kwenye memori kadi na hakupata hata shilingi. Hakulalamika juu ya hilo nilipomuuliza. Alisema, "Mwalimu, wimbo ukipita mto bila mimi, maana yake umekua."

Kiingilio kilikuwa shilingi elfu tano. Vijana wa parokia walikuwa wameleta spika mbili kubwa na maikrofoni, wakiwa wamejitolea kwa moyo mzuri. Mzee alizitazama, akawashukuru, "Wasingya, wanangu," akavuta kiti chake mbele ya jukwaa, chini sakafuni, akawaomba watu wasogeze viti mpaka wamzunguke. Nilikuwa nimekaa ukutani. "Mwalimu, mbona uko Kongo?" aliniuliza. Nikasogea.

Alianza na zeze. Alifungua vifungo viwili vya shati, akakiweka kibuyu kifuani, akaminya uzi, akasikiliza, akakilegeza kidogo na kukiminya tena, na ukumbi uliokuwa na kikohozi na simu ukawa na sauti ile tu. Vijana wengi hawakuwa wamewahi kuiona zeze ikipigwa, waliinama mbele. Aliimba juu ya babu zake, koo kwa koo, na alipofika kwenye ubeti wa pili wa wimbo mmoja wa miaka ya sitini akasita. Mwanamke mzee sana aliyekuwa safu ya tatu akaumalizia ubeti ule, kwa sauti ya chini, bila kusimama. Mzee akamgeukia, akaurudia kama alivyoambiwa, akaendelea. Baadaye nilimfuata yule mama kumuuliza aliujulia wapi. "Jikoni," alisema.

Nusu ya pili ilikuwa ya gitaa kavu, gumba na shahada, Kilembe mtupu. Hapo ndipo alipoimba wimbo wake wa mafuriko. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulivunja kingo zake na kuuramba Kilembe, ukaingia hospitalini, ukabomoa nyumba na madaraja. Wimbo ni orodha ya vitu vilivyochukuliwa na maji, kimoja baada ya kingine, bila neno lolote la kuhukumu: kitanda cha chuma, mlango wenye kufuli lake, mbuzi aliyefungwa, daftari la madeni la mwenye duka. Mpigo ni mmoja, kitu ni kimoja, na gitaa halibadiliki. Alipopumua, kijana mmoja wa boda boda akasema kutoka nyuma, "Na cherehani ya dada." Ukumbi ukageuka. Mzee akauliza, "Ya mkono au ya miguu?" Kijana akajibu, "Ya miguu." Ubeti uliofuata ulikuwa na cherehani ya miguu, yenye uzi mwekundu bado kwenye sindano. Uzi ule mwekundu aliutunga palepale. Mwanamke mmoja akaongeza godoro, mwingine akaongeza picha ya harusi, na wimbo ambao kwenye kaseti ungechukua dakika nne ukaenda karibu nusu saa. Yule kijana alikuwa anafuta macho kwa glavu zake.

Nimesimamia mashindano mengi ya muziki, yenye majaji, alama na vikombe. Yana faida yake, yamewafanya watoto waione ngoma ya Kikonzo kuwa kitu cha kujivunia. Lakini hakuna jaji aliyewahi kuacha nafasi ya cherehani. Wimbo wa jukwaani unafika ukiwa umekamilika; huu wa jioni ile ulikuja na milango wazi, kama zilivyokuwa zile za bibi na mke mwenzake, na kama zile za chumba cha baba. Hiyo ndiyo sanaa ninayoihofia, kwani waliobaki wanaoiweza kwa zeze ni wazee, na mwanafunzi hajifunzi sanaa hii kwa kutazama simu. Anajifunza kwa kukaa akasahihishwa.

Sasa nirudi kwenye deni. Rekodi za Peter Cooke ziko London, katika maktaba ya taifa ya Uingereza. Kwa miaka kadhaa zilisikika kwa intaneti, mpaka shambulio la mtandao la Oktoba 2023 lilipoizima tovuti yao ya sauti. Chuo Kikuu cha Makerere kimeonyesha kwamba kurudisha kunawezekana: nakala za rekodi za Klaus Wachsmann, aliyeiongoza Makumbusho ya Uganda kuanzia 1948, zimerudishwa na kuwekwa katika hifadhi yenye jina lake pale chuoni. Kampala ni safari ya siku nzima kutoka hapa, na bibi wa miaka 85 wa Karambi haendi Kampala kusikiliza sauti ya kaka yake. Nakala zinapaswa kuwa Kasese, na zinapaswa kusikilizwa na watu waliokaa pamoja. Aliyekuwa kijana Cooke alipopita leo ni mzee, na ndiye pekee anayeweza kusema sauti hii ni ya nani, ya kilima gani, na kwa nini wimbo umekatika pale ulipokatika.

Nimezungumza na padre. Ukumbi atautoa bure siku za Jumapili jioni baada ya mavuno ya kahawa, maana kabla ya hapo hakuna mtu wa milimani atakayeshuka. Mzee wa Ihandiro amekubali kuwa wa kwanza kusikiliza na wa kwanza kujibu, zeze mkononi. Wanafunzi wangu wawili wataandika majina yatakayotajwa, kila jina na kilima chake. Spika tutatumia moja, ndogo, iwekwe mezani katikati ya watu. Na safu ya mbele nimeiomba iwe ya akina mama wazee, kwa sababu najua ni nani ukumbini humo atakayeikumbuka mistari iliyopotea.